Ukuta Hausemi, Daftari Husema



Nina nyumba ndogo ya vyumba vitatu kijijini kwetu, kando ya barabara iendayo Dodoma mjini. Vyumba viwili tunakaa sisi. Chumba cha tatu ninapangisha. Wapangaji wangu ni watumishi wanaoletwa kijijini: mwalimu, muuguzi, bwana shamba. Leo nataka kusema juu ya ukuta wa chumba hicho. Ukuta huo ulinitia aibu, na aibu hiyo imenifunza.

Mpangaji mmoja, kijana mwalimu, alikaa kwangu miaka miwili. Alilipa kodi yake kila baada ya miezi mitatu, bila kukumbushwa. Siku ya kuhama niliingia chumbani kutazama. Sehemu ya chini ya ukuta rangi ilikuwa imebanduka. Unga mweupe ulikuwa umemwagika sakafuni. Nikakasirika.

Nikamwambia, "Umeniharibia ukuta. Lipa rangi na fundi."

Akajibu, "Mzee wangu, ukuta huo sikuugusa."

Sikumsikiliza. Nilizuia kitanda chake. Aliondoka na mizigo mingine, kitanda kikabaki kwangu.

Nikamwita fundi, akapaka rangi mpya. Chumba kikapendeza. Lakini sikupata mpangaji mwingine upesi. Mvua zikaanza mwezi wa Desemba, chumba kikiwa kitupu na mlango umefungwa. Nilipofungua mwezi wa Machi, unga mweupe ulikuwa umerudi pale pale. Rangi mpya ilikuwa imebanduka kama ya zamani.

Mke wangu akaniuliza, "Na huyu je, ni nani aliyeharibu?"

Sikuwa na jibu. Siku ya pili nilipakia kitanda kwenye mkokoteni wa punda, nikakipeleka kijiji cha pili kwa yule mwalimu. Nilimwomba radhi. Alinishukuru kwa kukileta. Lakini hakunikaribisha ndani.

Nauliza, ndugu zangu: ni wangapi kati yetu wamezuia godoro, meza au sufuria ya mtu kwa ajili ya ukuta? Na ni wapangaji wangapi wameondoka usiku wakiacha ukuta umejaa mashimo na masizi? Mambo haya yanavunja ujirani. Maoni yangu ni kwamba yanaweza kuzuilika. Anayejua kusoma na kuandika tayari ana dawa yake.

Zamani na sasa

Zamani katika nchi hii ya Ugogo watu wengi walikaa katika tembe. Kuta zilikuwa za miti na udongo, na paa lilikuwa tambarare, la udongo pia. Aliyejenga ndiye aliyekaa. Ukuta ukitoboka, mwenyewe aliukanda udongo akaziba. Hapakuwa na kesi ya ukuta.

Sasa mambo yamebadilika. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa, na wanafunzi wengi wakaja. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kwamba itahamia Dodoma yote. Mwaka 2018 Dodoma ikawa Jiji. Watu wanaotafuta vyumba wameongezeka, mjini na katika vijiji vya jirani. Watoto wetu nao wanapanga vyumba vya watu huko mjini. Kwa hiyo leo wewe ni mwenye nyumba, kesho mwanao ni mpangaji. Ukitaka mwanao atendewe haki, anza wewe.

Kuchakaa na kuharibu

Jambo la kwanza ni kutofautisha kuchakaa na kuharibu.

Tuchukue mfano wa jembe. Umemkodisha mwenzako jembe kwa msimu mzima. Akilirudisha likiwa limelika ncha, hutamdai. Jembe hulika kwa kulima. Lakini akiwa amevunja mpini kwa kupigia jiwe, atalipa mpini. Nao ni mpini tu, wala si jembe zima.

Ukuta ni hivyo hivyo. Rangi hufifia kwa jua na kwa miaka. Ukuta karibu na mlango huchafuka kwa mikono. Huko ni kuchakaa. Kodi aliyolipa mpangaji ndiyo malipo yake. Lakini mpangaji akipigilia misumari ishirini mpaka lipu ikaanguka, huko ni kuharibu. Akipikia ndani mpaka ukuta ukawa mweusi, huko pia ni kuharibu. Hapo alipe. Akiharibu ukuta mmoja, alipe ukuta mmoja. Si haki kumtoza rangi ya chumba kizima, tena rangi iliyokuwa na miaka mitano.

Yako pia madhara yasiyo ya mtu. Mchwa hupanda ukutani na kula fremu ya mlango. Udongo wa mfinyanzi huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na ukuta hupata ufa. Hata ardhi hutetemeka. Mwezi wa Novemba mwaka 2002 tetemeko lilitikisa Dodoma. Mpangaji atalipaje tetemeko?

Na ule unga mweupe ulionidanganya ni chumvi. Sehemu nyingi za mkoa wetu udongo una chumvi. Ng'ombe wetu huulamba. Mvua ikinyesha, ukuta hunyonya maji kutoka chini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Maji hupanda pamoja na chumvi. Jua likiwaka, maji hukauka, chumvi hubaki ukutani na kusukuma rangi nje. Mwalimu yule hakuwa na kosa.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inagusa jambo hili. Mtu akipangisha sehemu tu ya nyumba yake, ni wajibu wake kutunza paa, kuta za nje, kuta kuu na mifereji mikubwa. Mpangaji naye anatakiwa kukitunza anachokaa, na kukirudisha kama alivyokikuta. Lakini hadaiwi kuchakaa kwa kawaida. Wala hadaiwi madhara ya mafuriko, dhoruba, radi au tetemeko la ardhi. Huku vijijini mara nyingi tunapatana kwa mdomo. Hata hivyo mgawanyo huo ni wa haki, nasi tungeufuata.

Wenzangu wenye nyumba watasema, "Kodi ni ndogo, rangi ni ghali." Ni kweli. Mimi pia naijua bei ya kopo la rangi. Lakini rangi ni gharama ya kupangisha, kama mbegu ilivyo gharama ya kulima. Weka akiba kidogo kutoka katika kila kodi unayopokea. Mpangaji akihama, fedha ya rangi ipo, na huna haja ya kutafuta wa kumlaumu.

Tengeneza kwanza, rangi baadaye

Kosa letu lingine ni kupaka rangi juu ya ubovu. Rangi ni nguo tu. Nguo mpya haiponyi kidonda. Mpangaji akihama, fanya hivi:

Misumari. Ing'oe. Lowesha shimo kwa maji, kisha ziba. Ukuta wa saruji uzibe kwa saruji na mchanga laini, kipimo kimoja cha saruji kwa vipimo vitatu au vinne vya mchanga. Ukuta wa udongo uzibe kwa udongo uleule uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa. Usiweke saruji juu ya ukuta wa udongo. Saruji ni ngumu, udongo ni laini. Havishikani, na baada ya muda saruji hudondoka.

Masizi. Yaoshe kwa maji ya sabuni, acha ukuta ukauke. Ukipaka rangi juu ya masizi, weusi utatokeza tena.

Chumvi. Usiioshe kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ukutani. Ikwangue ikiwa kavu, ifagie, uitupe mbali. Halafu tafuta maji yanatoka wapi. Chimba mfereji wa kupeleka maji ya mvua mbali na msingi. Ondoa udongo uliorundikana ukutani kwa nje. Ukuta wa namna hii usiupake rangi ya mafuta. Rangi ya mafuta huziba unyevu ndani, na unyevu utaibandua. Chokaa ni bora, kwa sababu huacha ukuta upumue. Na kama unajenga nyumba mpya, tandika nailoni nzito juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Nailoni hiyo itazuia maji yasipande.

Chokaa. Nunua ile iliyokwisha kuzimwa. Loweka usiku mmoja, chuja kwa kitambaa. Lowesha ukuta kidogo, paka nyepesi, acha ikauke, kisha rudia mara ya pili na ya tatu. Jihadhari na macho, maana chokaa huunguza.

Rangi kuukuu ya mafuta. Baadhi ya rangi hizo zina risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Usiisugue kwa msasa ikiwa kavu. Ilowesha kwanza, weka watoto mbali, na uzoe mabaki yote.

Nyufa nazo usizidharau. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa mpangaji nina neno. Usipigilie msumari bila kuuliza. Mimi sasa nimefunga ubao mmoja ukutani wenye misumari ya kutundikia nguo. Ubao mmoja umeokoa lipu yangu yote. Na jiko la mkaa lisiwake ndani ya chumba. Si kwa ajili ya rangi peke yake. Hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini.

Tuandikiane

Sasa nafika kwenye dawa niliyoitaja. Kabla mpangaji hajaingia, tunaingia chumbani sisi wawili mchana, dirisha likiwa wazi. Tunatazama kila ukuta. Kisha tunaandika. Ukurasa wangu wa mwisho ulikuwa hivi:

Tarehe 1 Mei. Chumba cha kushoto.
Ukuta wa mlango: mzima. Tundu moja la msumari.
Ukuta wa dirisha: ufa mdogo chini ya dirisha, urefu shibiri moja.
Kuta mbili za nyuma: nzima.
Chini ya ukuta wa nje: chumvi kidogo.
Chokaa: nyeupe, imepakwa mwezi wa Aprili.
Sahihi ya mwenye nyumba. Sahihi ya mpangaji. Sahihi ya shahidi.

Tunaandika nakala mbili. Moja anakaa nayo yeye, moja mimi. Siku ya kuhama tunaingia tena na karatasi zetu, tunasoma mstari kwa mstari. Kilichoongezeka tunakizungumza. Kazi hii haichukui hata nusu saa.

Wako wanaosema kwamba kuandikiana ni kutoaminiana. Mimi sikubali. Mimi na yule mwalimu tuliaminiana miaka miwili, lakini siku moja ya kukosa karatasi ilitutenganisha. Kama ningeandika siku ya kwanza, "chini ya ukuta: chumvi," ningejua kwamba ugonjwa ule ulikuwapo kabla yake. Nilikuwa nimeuona, nikausahau. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi nasema ujirani pia.

Mkishindwa kuelewana, msizuie vitu vya mtu wala msipigane. Mwiteni mwenyekiti wa kitongoji aone ukuta. Baraza la Kata nalo kazi yake ni kusuluhisha. Ikishindikana huko, shauri hupelekwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kila mahali mtakapokwenda mtaulizwa swali moja: mlikubaliana nini? Mwenye karatasi atajibu.

Chumba changu sasa kina mpangaji, muuguzi wa zahanati yetu. Siku tulipotazama kuta, yeye ndiye aliyeuona ufa wa chini ya dirisha. Mimi sikuuona. Tukauandika.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini mwenye nyumba alirudisha kitanda cha mwalimu?
2. Taja madhara mawili ya ukuta ambayo mpangaji hapaswi kulipa. Taja mawili ambayo anapaswa kulipa.
3. Kwa nini si vizuri kuweka saruji juu ya ukuta wa udongo?
4. Je, unakubali kwamba kuandikiana si kutoaminiana? Eleza maoni yako.
5. Tazama kuta za darasa lenu. Andika katika daftari lako hali ya kila ukuta, kisha linganisha na alivyoandika mwenzako.