Mficha Uchi Hazai

Mtu akinunua kopo la maziwa ya mtoto, hulizungusha akasoma ubavuni: mafuta kadhaa, sukari kadhaa, chumvi kadhaa. Akikuta halina maandishi hulirudisha, na mwenye duka hathubutu kumlaumu. Basi nauliza: kwa nini chakula cha kwanza kabisa cha binadamu kiuzwe kwa siri?

Nasema juu ya maji ya kukuzia viinitete. Yai likisharutubishwa nje ya tumbo la mama, kiinitete hulelewa maabara siku kadhaa, mara nyingi 3 au 5, kabla ya kupandikizwa. Siku hizo hakina mrija wa uzazi wa kukilisha. Kina tone la maji lenye chumvi, glukosi, piruvati, amino asidi na albumini, lililofunikwa kwa mafuta, katika joto la nyuzi 37. Majina ya vilivyomo pengine huandikwa. Viwango vyake ndivyo ambavyo watengenezaji wengi huvificha.

Elimu hii haikuzaliwa gizani. Mwaka 1956, huko Australia, Wesley Whitten alikuza viinitete vya panya katika maji ya chumvi yaliyotiwa ute wa yai la kuku, akayachapisha aliyoyafanya. Mwaka 1958, Uingereza, Anne McLaren na John Biggers walipata panya wazima kutokana na viinitete vilivyokuzwa maabara. Katika njia hiyo walipita Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy hadi Louise Brown akazaliwa tarehe 25 Julai 1978. Na mwaka 1985, Patrick Quinn na wenzake walipounda maji ya kuigiza yale ya mirija ya uzazi, walitangaza kipimo chake. Wafanyabiashara waliofuata walichota kisima hicho hicho, kisha wakakifunika.

Wataniambia: maji ni maji, mtoto akizaliwa mzima wataka nini tena? Uholanzi wamekwisha kuwajibu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, wanandoa 836 waligawanywa kwa kura kati ya aina mbili za maji. Aina moja ilileta mimba nyingi zaidi. Lakini watoto wake, wale wasio mapacha, walizaliwa wepesi kwa wastani wa gramu 158. Siku chache ndani ya tone, na miezi mingi baadaye mizani ya wodini inakumbuka. Daktari atachaguaje kati ya maji na maji ikiwa hajui yanatofautiana kwa nini?

Wataniambia tena: kampuni imetumia fedha zake, na siri ni mali yake. Mimi sigombi na faida. Lakini kidonge cha homa nacho kimegharimu fedha, na juu ya boksi lake miligramu zimeandikwa. Hataza iliwekwa kwa ajili hiyo: mgunduzi alindwe, naye aseme alichogundua.

Desemba 2023 kampuni moja iliwataka wateja wake warudishe chupa za maji haya, kwa sababu magnesi ilikosekana ndani yake. Huko Marekani wazazi waliosema wamepoteza viinitete vyao walikwenda mahakamani. Sidai kwamba karatasi ya viwango ingezuia kosa la kiwandani. Nadai kwamba chupa yenye kipimo kilichoandikwa mtu wa pembeni anaweza kuipima. Chupa ya siri twaiamini tu.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Mke na mume wanaofika kliniki, iwe London au Nairobi, wamekwisha kufunua kila kitu: damu, umri, mimba zilizoharibika, aibu ya ukoo, na fedha walizokopa. Aliyebaki amejifunika chumbani humo ni mwuza chupa peke yake. Naye aandike.