Hodari Huyu Ataketi na Nani?

Unapofika wakati wa kuchagua viongozi wa ushirika au wa kamati ya shule, wanachama wengi huuliza swali moja tu: nani hodari? Ni nadra kusikia mtu akiuliza hodari huyo ataketi na nani. Hapo ndipo kamati nyingi huharibikia, kwani uhodari na upungufu wa mtu mara nyingi ni kitu kimoja. Mwepesi wa kuamua ndiye huyo huyo mwenye pupa. Mwangalifu wa fedha ndiye huyo huyo anayechelewesha kila jambo.

Tutazame historia yetu wenyewe. Tarehe 22 Januari, 1962, wiki sita hivi baada ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alijiuzulu Uwaziri Mkuu wa Tanganyika ili akaijenge TANU. Kiti alimwachia Ndugu Rashidi Kawawa, aliyetoka katika vyama vya wafanyakazi. Mmoja alikuwa mtu wa fikra na mjadala. Wa pili alikuwa mtu wa utekelezaji, asiyeona haya kushika nafasi ya pili. Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, tarehe 9 Desemba mwaka huo huo, Mwalimu alirudi akiwa Rais na Kawawa akawa Makamu wake, pasipo ugomvi. Lau wote wawili wangetaka kuwa wa kwanza, sidhani kama madaraka yangekwenda na kurudi kwa utulivu ule.

Lakini wawili kukamilishana hakutoshi. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na Kawawa, Waziri Mkuu tangu 1972, akawa msimamizi wa serikali iliyopaswa kuitekeleza. Mamilioni ya watu walihamishwa kwa muda mfupi. Mahali pengine nguvu ilitumika na nyumba zikachomwa moto. Fikra ilikuwapo, na bidii ilikuwapo. Sababu za makosa yale zilikuwa nyingi, wala si tabia za watu wawili tu. Hata hivyo, kuanzia juu hadi wilayani, aliyepungua ni mtu mzito wa kuuliza: je, maji yapo huko? Mvua zinaanza lini? Viongozi wa mikoa walishindana kwa wepesi, na mwepesi akishindana na mwepesi hapana wa kumshika mkono.

Mtu mzito hapendwi. Katika mikutano huitwa mkwamishaji, na wakati mwingine jina hilo linamstahili, maana huuliza hata pale ambapo jibu linajulikana. Ndiye mweka hazina asiyetia sahihi hati ya malipo mpaka aone stakabadhi, hata kama lori la mbolea linangoja nje na dereva anapiga honi. Mwaka wa uchaguzi ukifika, wanachama humwondoa kwa makofi. Ndugu wanachama, mwacheni pale pale kwenye hazina. Ila msimpe uenyekiti, maana mbolea haitafika shambani kabla ya mvua.