UKUTA UNALINDA UPANDE MOJA TU

Wandugu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu,

Tangu mwanzo wa trimestri hii kuko maneno mingi juu ya ule mchezo unaochezwa siku ya posho katika chumba cha ordinateri, wakati moteri inawaka. Wengine wanasema ufutwe kabisa, kwani ni mchezo wa vita, na vita tunayo ya kutosha. Wengine wanasema uachwe, kwani mchezo ni mchezo tu. Sisi wasimamizi wa wanafunzi tuliulizwa wazo letu, na tunalitoa hapa bila kuzungukazunguka: mchezo uachwe, lakini uchezwe kwa akili, na mtu asidhani ya kwamba unamfundisha vita. Tutaeleza kwa sababu gani.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe, kwa faida ya wale wanaousikia kwa jina tu. Unaitwa XCOM: Enemy Unknown. Ulitengenezwa na kampuni Firaxis ya Marekani, ukatolewa mwaka 2012. Baba yake ni mchezo mwingine wa mwaka 1994, uliotengenezwa na Waingereza wawili, Julian Gollop na ndugu yake Nick. Habari yake ni ya kutunga: viumbe wanatoka mbinguni na kushambulia dunia, na mchezaji anaongoza kikosi kidogo cha askari, wane mwanzoni, wakizidi sana ni sita. Unachezwa kwa zamu, sawa na dame. Sisi tunasogeza watu wetu wote, kiisha adui anasogeza wake. Kila askari anapata matendo mawili: anaweza kutembea halafu kupiga, ao kukimbia mbali bila kupiga. Hakuna anayekuharakisha. Unaweza kufikiri robo saa mbele ya hatua moja.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Askari akisimama nyuma ya kitu, anapata kinga. Kitu kifupi, sawa na kiukuta cha kufika kiunoni, kinatoa kinga nusu. Kitu kirefu, sawa na nguzo ao pembe ya nyumba, kinatoa kinga kamili. Ndugu zetu wadogo wa mwaka wa saba na wa nane wanaona alama ya ngao kwenye ekra na wanafurahi: «Huyu yuko salama!» Hapana. Ngao ile ni ya upande moja. Ukuta unazuia masasi yanayotoka ng'ambo yake. Adui akizunguka na kufika ubavuni, ukuta ungali pale pale, lakini kinga imekwisha. Basi mahali pazuri si pazuri sikuzote. Panakuwa pazuri ama pabaya kwa kufuata pale adui anaposimama. Ndiyo maana yule anayepata maficho mazuri na kukaa pale zamu tatu bila kuangalia pembeni anakufa nyuma ya ukuta wake.

Wengi hawasadiki mpaka waone hesabu. Njo hii. Askari mpya ana kipimo cha 65 ku 100 cha kumpata adui, tukiacha umbali kando. Adui akiwa na kinga nusu, ondoa 20: inabaki 45. Akiwa na kinga kamili, ondoa 40: inabaki 25. Akipigwa ubavuni, hatuondoi kitu: ni 65 nzima, na juu yake kuko nafasi 50 zaidi ku 100 ya kumjeruhi vibaya sana.

Tuwaulize wanaosoma probabilite. Askari wane wanapiga wote adui aliye na kinga kamili, kila mmoja ana 25 ku 100. Nafasi ya wote wane kukosa ni 0,75 mara nne kwa yenyewe, maana yake karibu 32 ku 100. Basi wane pamoja wanafanikiwa karibu mara 68 ku 100. Na askari moja peke yake akisimama ubavuni? Mara 65. Tazameni vizuri, wandugu: moja aliyesimama mahali panapofaa ana nguvu karibu sawa na wane wanaopiga ukuta mbele. Na wale watatu wengine wanabaki huru kwa kazi nyingine. Mwalimu wa matematika ambaye anafikiri ya kwamba mchezo huu unatupotezea wakati, tunamwomba afanye hesabu hii pamoja nasi ubaoni.

Lakini hapa tena kuko kosa tunaloliona kila juma. Mtu akisikia maneno ya ubavuni, anamtuma askari moja kukimbia peke yake kwa upande, anafanya ushujaa, kila mtu nyuma ya kiti anapiga kelele. Kiisha zamu ya adui inafika, na shujaa yule anabaki wazi bila ukuta wowote. Kuzunguka si kazi ya mtu moja. Kunahitaji watu wa namna mbili: wale wanaobaki mbele na yule anayekwenda pembeni. Wanaobaki wana kazi isiyopendeza macho. Moja anapiga mfululizo juu ya maficho ya adui; kwa Kiingereza tendo hilo linaitwa suppression, na linamwondolea adui 30 katika kipimo chake, na akijaribu kutoka anapigwa. Mwingine anangoja na bunduki tayari, asipige mpaka adui asogee. Wakishamfunga adui namna hii, ndipo yule wa pembeni anaweza kwenda. Wacheza mpira wanajua: winga anakimbia na kusifiwa, lakini kama katikati hakuna mtu anayeshika mpira na kuwavuta mabeki, winga anakimbia bure.

Kuko pia njia ya kuvunja ukuta wenyewe. Grenedi haikosi, inajeruhi na inaharibu maficho, hata kama jeraha ni dogo. Wapenda haraka wanatupa grenedi kila mahali. Wajue bei yake: adui akiuawa na mlipuko, vipande vya silaha yake vinaharibika, na vipande vile ndivyo vinavyotumiwa na wanasayansi wa kikosi kwa kutengeneza vyombo vipya. Kwa hiyo grenedi ni ya kuokoa mtu aliye hatarini. Si ya kuficha uvivu wa kufikiri.

Jambo la mwisho katika ufundi, na ndilo linaloua wengi. Adui wanakaa kwa vikundi vidogo, na hawaonekani mpaka askari wako afike karibu. Ukiwagundua, wanapata ruhusa ya kukimbilia maficho mara moja, hata kama ni zamu yako. Basi mtu anamzunguka adui moja kwa kupita mahali ambapo hajapaona, na mara anaamsha kikundi cha pili. Tena anafanya vile na askari wake wa mwisho, wakati wengine wote wamekwisha kutumia matendo yao. Nani atamsaidia? Sheria yetu ni hii: zunguka kwa njia uliyokwisha kuiona. Kama ni lazima kukanyaga mahali papya, fanya na askari wa kwanza, si wa mwisho.

Na mtu asifanye hata sheria hizi kuwa kasuku. Kuko kiumbe moja, Chryssalid, ambaye hajali ukuta. Anakimbia mpaka kwako na kukuua kwa mikono. Kwake kinga haisaidii kitu. Kinachosaidia ni umbali na masasi ya wote pamoja. Mwenye kukariri bila kuelewa, siku ile ndiyo anajulikana.

Sasa tuwajibu wale wanaotaka mchezo ufutwe. Hatuwacheki. Wana haki katika neno moja kubwa: mchezo huu unasema uongo juu ya vita. Katika mchezo adui anangoja zamu yake. Katika vita hakuna anayengoja. Katika mchezo unaambiwa mbele ya kupiga: 45 ku 100. Katika vita hakuna mtu anayekuandikia hesabu. Katika mchezo ua la mbao linatoa kinga nusu. Wandugu, sasi ya bunduki ya vita inapita ndani ya ubao na bati sawa na karatasi. Mwenye kusikia masasi kwetu hapa asitafute pembe ya kuchungulia kama kwenye ekra. Alale chini, akae chini, asitoke kwenda kuona. Na katika mchezo askari akijeruhiwa analala siku chache anarudi. Akifa, jina lake linaandikwa kwenye ukuta wa kumbukumbu, na unaajiri mwingine. Katika internati yetu kuko wandugu waliokimbia vijiji vyao. Wanajua ya kwamba mtu hapati mwingine wa kuajiri mahali pa kaka yake.

Kwa sababu hiyo tunasema: msiende kutafuta vita ndani ya mchezo huu. Tafuteni lile ambalo unafundisha kweli, ndiyo kuhesabu mbele ya kutoka, na kuuliza ukuta wangu unaangalia upande gani. Wengi wetu tunapotea kwa kukosa swali hilo, hata mbali na ekra. Mfinalisti anayejua matematika sana na kuacha Kifaransa, ukuta wake unaangalia upande moja. Egzame ya Leta haitamngoja mbele, itamzunguka.

Basi, Bwana Prefe na ninyi waalimu, tunaomba mambo matatu.

1. Mchezo uendelee siku ya posho, saa mbili tu, kiisha kazi za mikono na mafundisho ya nyumbani.

2. Wachezaji wakae watano kwa ordinateri moja. Mwenye kushika sourisi aseme kwa sauti mbele ya kila hatua: adui yuko wapi, ukuta huu unalinda upande gani, nani anabaki kushika mbele. Akishindwa kujibu, anampa mwingine nafasi.

3. Mwanafunzi asiyetaka kucheza ama kutazama, kwa sababu ya yale aliyoyaona kwao, asilazimishwe, asiulizwe, na asiitwe mwoga. Atakayemcheka atafutwa kwenye orodha ya chumba cha ordinateri mpaka mwisho wa mwaka. Jambo hili la tatu, kwetu sisi, ndilo la kwanza.

Tunangoja jibu. Mwenye wazo lingine aliandike na kulileta kwetu mbele ya namba ijayo. Tutalisoma hata kama linatupinga.

Kwa niaba ya wasimamizi wa wanafunzi,
Mfinalisti