Nipe Mpelelezi Anayepeleleza

Nilipoacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwenye duka la muvi pale Umoja, hatua chache kutoka soko la Mutindwa. Kibanda cha mabati, kompyuta moja, mabango ukuta mzima, na foleni ya wasee wenye flashi. Muvi moja bob 20, msimu mzima wa tamthilia bob 50. Kabla sijajua majina ya wateja nilishajua wanachotaka. Madam wa saluni alitaka za Kikorea. Makanga walitaka za DJ Afro. Na karibu kila kijana aliyeingia alisema maneno yale yale: "Niwekee kitu ya makarao, lakini iwe moto."

Nimewawekea watu tamthilia za uhalifu kwa miaka miwili. Siku hizi nakula kwa kuandika, lakini ujumbe bado unaingia Ijumaa usiku: buda, nipe ya kuona wikendi. Kwa hivyo nitasema hili kama mtu aliyeshiriki makosa. Orodha tunazopeana ni mbovu. Tunapendekezeana tamthilia za upelelezi ambazo ndani yake hakuna anayepeleleza.

Chukua Dexter. Misimu minane, 2006 hadi 2013, na sidhani kuna tamthilia niliyonakili mara nyingi zaidi. Dexter ni mtaalamu wa damu katika polisi wa Miami. Mchana anasoma matone ukutani, usiku anawaua wale anaoamini wameponyoka sheria. Mtazamaji hana wasiwasi wowote kwa sababu ameonyeshwa mapema kwamba huyu aliyefungwa mezani ni muuaji kweli. Mwandishi amekufanyia kazi yote ya upelelezi. Kilichobaki kwako ni kushangilia kisu.

Au chukua 24. Jack Bauer ana saa chache za kuokoa mji, kwa hivyo anamtesa mtu, na mtu anasema ukweli. Hata Luther, na mimi nampenda Idris Elba kama mama yangu anavyompenda, ni mpelelezi ambaye kila sheria ni kizingiti cha kuruka. Tunasema "huyu msee ni noma" kwa sababu hakungoja kibali.

Najua jibu lako. Ni burudani tu, mbona unatuharibia?

Nakuharibia kwa sababu sisi wa Eastlands tumeiona tamthilia hiyo nje ya skrini. Unamkumbuka Hessy. Hessy wa Kayole, Hessy wa Dandora, majina ya akaunti za Facebook zilizokuwa zikiweka picha ya kijana na onyo kwamba siku zake zinahesabika. Baadaye ilikuja picha nyingine, kijana yule yule, amelala kwenye vumbi. Rudi usome maoni yaliyokuwa chini ya picha zile. Vicheko, pongezi, watu wakiuliza wa mtaa wao atashughulikiwa lini. Tulikuwa tunasema kama mashabiki wanaosubiri kipindi kijacho.

Na hatukuanza sisi. Wazazi wetu walikuwa na Patrick Shaw, yule Mzungu wa polisi wa akiba aliyefanya kazi pia Starehe Boys Centre, na ambaye hadi alipofariki 1988 jina lake lilitosha kufunga kilabu mapema. Muulize mzee yeyote wa Bahati au Jericho akusimulie. Utasikia habari za gari lake, unene wake na shabaha yake. Kuhusu kesi alizopeleka mahakamani, mzee atakuwa na machache ya kusema.

Sasa nikwambie kwa nini nilibadilika.

Kulikuwa na beste yangu mmoja, tulikaa ploti moja, yeye ghorofa ya nne, mimi ya pili. Alipenda Prison Break kuliko kitu chochote. Flashi yake ilikuwa ndogo, kwa hivyo nilimwekea vipindi vichache vichache, na kila akirudi alinieleza mpango wa Scofield kana kwamba mimi sijauona. Jioni moja alipigwa risasi mtaa wa pili. Waliompiga walikuwa wamevaa kiraia. Picha ilifika kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti kabla mama yake hajarudi kutoka kazini. Mtu akaweka alama ya dole gumba.

Alikuwa mwizi? Sijui. Kuna siku alikuja dukani na simu mbili na nikajiuliza, nikanyamaza. Ninachojua ni kwamba hakuna mpelelezi aliyewahi kubisha mlango wa ploti yetu, wala kabla wala baada, kuuliza swali hata moja. Hakuna aliyemuuliza mwenye nyumba, wala mama mboga, wala mimi niliyekaa naye karibu kila siku. Kesi ilifunguliwa na kufungwa kwa sekunde chache. Na mimi, wiki chache kabla, picha ya kijana mwingine nisiyemjua ilipopita kwenye kikundi hicho hicho, nilikuwa nimeandika: "Iwe funzo." Mkono huu huu ninaoandikia leo.

Hapo ndipo nikaanza kusikiliza vizuri habari za saa moja. Washukiwa watatu wameuawa, mmoja ametoroka na majeraha ya risasi. Walikaidi amri ya kujisalimisha. Bastola moja ya kujitengenezea na risasi mbili zimepatikana. Umeisikia mara ngapi? Mwandishi wa tamthilia angeleta maandishi hayo mara ya tatu, angefukuzwa kazi kwa kurudia hadithi. Sisi tunaendelea kutazama.

Kuna hoja moja ninayoiheshimu. Wewe unaongea hivyo kwa sababu hujawekewa kisu. Nimewekewa, ndugu yangu. Jogoo Road, saa kumi na moja asubuhi, nikienda kushika mathree. Walichukua simu, viatu, na laptopu ambayo sikuwa nimemaliza kuilipia. Wiki nzima niliwatakia kifo. Sitamhubiria mama aliyefiwa na mtoto kwa sababu ya simu ya elfu nane kwamba awe mpole. Hasira yake ni halali.

Lakini fikiria kama mpelelezi, si kama aliyeibiwa. Kijana wa miaka kumi na tisa ana bastola. Aliitoa wapi? Nani alimkodishia? Mzigo anauzia nani, na kwa nini duka linalonunua simu za wizi liko wazi hatua mia moja kutoka kituoni? Majibu yote hayo yako ndani ya kichwa cha huyo kijana, na ndicho kichwa kilichopigwa risasi. Muvi ya Nairobi Half Life ilitueleza hili mwaka wa 2012. Genge la Mwas na Oti lina askari wanaokula nalo, na askari anayekula na mwizi ana sababu kubwa kuliko zote ya kutotaka mwizi huyo asimame mbele ya hakimu. Sote tuliiona, tukacheka, tukaigiza mistari yake shuleni, na hilo likatupita. Anayeua mshukiwa aliyekwisha kushikwa anawafichia wenzake wa mshukiwa. Wakati mwingine anajificha mwenyewe.

Kwa hivyo hii ndiyo orodha yangu, na kipimo changu ni kimoja: je, kuna mtu humu analazimika kuthibitisha?

Anza na The Wire. Misimu mitano, vipindi 60, kutoka 2002 hadi 2008, mji wa Baltimore. Najua ulianza ukaacha kwenye kipindi cha pili kwa sababu inaenda polepole. Rudi. Upole huo ndio upelelezi wenyewe: watu wamekaa juu ya paa, wanaandika nani alipiga simu ya mtaani saa ngapi. Ukifika msimu wa nne utakutana na miili iliyofichwa kwenye nyumba zilizohamwa, na mkubwa asiyetaka itafutwe kwa sababu itaharibu takwimu za mwaka. Mtu wa Mathare hahitaji tafsiri ya hapo.

Halafu Unbelievable, ya 2019, vipindi vinane, imetokana na kisa cha kweli. Msichana anaripoti kubakwa, polisi wanambana mpaka anasema alidanganya, kisha wanamshtaki kwa uongo. Jimbo lingine, wapelelezi wawili wanawake wanalinganisha mafaili yao na kugundua kwamba wanamsaka mtu mmoja. Hakuna anayepigwa makofi ndani ya chumba cha mahojiano. Wanasikiliza, wanaandika, wanarudi kuuliza tena. Wanaume wa mtaa wangu waliniambia inachosha. Dada zao walinirudishia flashi wakiwa kimya.

When They See Us, pia ya 2019, ina sehemu nne tu. Wavulana watano wa New York, wa miaka 14 hadi 16, wanalazimishwa kukiri shambulio la 1989 ambalo hawakufanya. Magazeti yanawahukumu, mji unataka damu, wanafungwa. Mwaka 2002 mhalifu halisi anajitokeza, chembe za DNA zinamtaja yeye, na hukumu ya wale watano inafutwa. Niliitazama usiku mmoja bila kulala, nikafika mwisho na wazo moja: walikuwa hai kuisikia. Mtaani kwetu kosa la aina hiyo halisahihishiki, kwa sababu wa kumwomba msamaha yuko Lang'ata.

Za nyumbani pia zipo. Crime and Justice ya 2021, Sarah Hassan na Alfred Munyua wakiwa wapelelezi wa Nairobi, ina kesi zinazofanana na vichwa vya habari vyetu. Nina lawama: kesi inakwisha kwa kipindi kimoja, na Kenya ninayoijua haijawahi kufunga jalada haraka hivyo. Lakini wale wawili wanahoji, wanabishana, wanakosea. Tunahitaji nyingine kumi za namna hiyo, na ziingie Dandora na Kariobangi badala ya kupita tu kwa gari kuonyesha dampo. Na kwa Kiswahili sanifu cha televisheni, tafuta vipindi vya zamani vya Jicho Pevu, vya Mohammed Ali alipokuwa KTN, kabla hajawa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Pale ndipo wengi wetu tulipojifunza kwamba swali linaweza kumtisha mtu kuliko bunduki.

Ya mwisho si tamthilia. Inaitwa Blood Parliament, ya BBC Africa Eye, ilitoka Aprili 2025. Waliipitia siku ile ya Juni 25, 2024 nje ya Bunge kwa zaidi ya picha 5,000, nyingi zikiwa zimepigwa na watu wa kawaida, na wakafuatilia risasi hadi kwa waliozifyatua. Onyesho la faragha lililopangwa hapa Nairobi lilifutwa. Itazame ukijua kwamba baadhi ya ushahidi ule ulitoka kwenye simu kama yako, imeshikwa na mkono unaotetemeka.

Na kama wewe ni mwandishi wa muvi na unasoma hapa, kuna kisa kimoja nakudai. Juni 2016 wakili Willie Kimani alitoweka pamoja na mteja wake, mwendesha boda boda aliyekuwa amemshtaki askari aliyempiga risasi, na dereva wa teksi aliyewabeba. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kilichosaidia kuwafikia wauaji kilikuwa kikaratasi cha choo, kimeandikwa ujumbe wa kuomba msaada na kurushwa nje ya seli, pamoja na rekodi za simu. Ilichukua miaka sita. Julai 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani maafisa watatu wa polisi na mtoa habari wao mmoja, na Februari 2023 wakahukumiwa.

Kikaratasi cha choo. Dexter hajawahi kuwa na kitu kama hicho.

Kesi hiyo inaniudhi kama inavyonipa moyo, kwa sababu inaonyesha kwamba tunaweza. Simu zinafuatilika, mashahidi wanapatikana, majaji wanasoma. Lakini kulihitajika wakili, na mawakili wenzake barabarani, na kelele za nchi nzima, ndipo mtu akae chini apeleleze. Beste yangu alikuwa na mama anayefua nguo Buruburu na flashi yenye vipindi vitatu ambavyo hakumaliza. Ibara ya 50 ya Katiba inasema mshtakiwa anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Haisemi awe na wakili maarufu.

Sitakuzuia kutazama Dexter. Hata mimi nitairudia mvua ikinyesha na stima ikiwepo. Lakini Ijumaa ukiniuliza ya wikendi nitakutumia hizo hapo juu, na Jumatatu nitakuuliza maswali. Nani alikufa kipindi cha kwanza? Jina lake ni nani? Walijuaje? Na siku picha nyingine ikipita kwenye kikundi cha ploti yenu, kabla hujaweka dole, jaribu kuyauliza hayo hayo pale.