Nairobi na Dar, Nani Tajiri? Kaulize Lunga Lunga

Kama hujapata kusafiri kwa basi kutoka Tanga kuja Mombasa, umekosa uhondo. Ndani ya basi hilo kuna ubishi usiokuwa na refa wala kipenga cha mwisho: kati ya Nairobi na Dar es Salaam, mji wa wenye pesa ni upi, na upi ni wa wanaojigamba tu? Huanza kwa utani pale Tanga mjini, hupata moto Horohoro, na mkifika Lunga Lunga, ambako abiria wote hushuka kugongewa mihuri, huwa umekwisha kuwa vita vya maneno.

Safari hii waliobishana walikuwa vijana wawili wa chuo kikuu, mmoja akisomea Nairobi, mwenzake Dar. Walikuwa wameketi mbele yangu, nami nikajitia kusoma gazeti.

Wa Nairobi alianza na maghorofa, kama ilivyo ada. Akaja na Gigiri, yaliko makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, akamalizia na M-Pesa iliyoanzia Kenya mwaka 2007. "Nyinyi mlitufuata tu," akasema. Wa Dar hakupepesa macho. Akamwambia treni ya Mombasa na Nairobi iliyozinduliwa 2017 inakwenda kwa dizeli, ilhali yao ya Dar hadi Dodoma, tangu 2024, inakwenda kwa umeme. Akamkumbusha kuwa ile barabara ya juu kwa juu ya Nairobi, iliyofunguliwa 2022, gari haipiti bila kulipa. Kisha akatoa watu: sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu zaidi ya milioni 5.3, na sensa ya Kenya ya 2019 iliikuta Nairobi na milioni 4.4.

"Wengi si hoja," akajibu wa Nairobi. "Hata siafu ni wengi."

Basi zima likacheka. Nami nilicheka, ingawa sisi wa Pwani tuna kidonda chetu. Mombasa ilikuwa ndiyo makao ya serikali hadi yalipohamishiwa Nairobi mwaka 1905, kwa hiyo mtu wa Nairobi akijisifu mbele yetu twamsikiliza kwa sikio moja.

Kilichomvunja nguvu kijana wa Dar hakikuwa hoja. Kilikuwa ni wale vijana wa kubadilisha pesa wanaomrukia abiria kabla hajakanyaga chini vizuri. Siku hizi shilingi moja ya Kenya hupata kama ishirini za Tanzania, ikipanda na kushuka kidogo. Kijana alitoa laki nne, akapewa elfu ishirini kasoro. Alizitazama zile noti kama mtu aliyeletewa chakula cha mtoto. Mwenzake hakumhurumia. "Umeona sasa? Milionea wa Dar, Lunga Lunga ni mtu wa kawaida tu!"

Hapa, msomaji, ndipo nilipotamani kulikunja gazeti na kuingilia kati, maana wengi wetu tumedanganyika hapo hapo. Sarafu za Kenya na Tanzania zilizaliwa mwaka mmoja, 1966, zote zikiwa badala ya shilingi ya Afrika Mashariki, na zilikuwa sawa kwa sawa. Dola moja ya Marekani ilipata shilingi saba na senti kadhaa, uwe Nairobi au Dar. Leo dola inapata shilingi za Kenya kama 129, na za Tanzania zaidi ya elfu mbili na mia nne. Yaani zote mbili zimeporomoka, ila moja imeanguka kutoka mnazini na nyingine kutoka mlimani. Aliyeanguka kutoka mnazini hana haki ya kutamba.

Tena kuwa na sifuri nyingi si umaskini. Tangu 2024, kwa sehemu kubwa, dola imekuwa ikipata yen za Japani zaidi ya 140. Kwa hesabu ya yule kijana wa Nairobi, shilingi yetu ina nguvu kuliko yen, basi Tokyo yote ije Nairobi kuomba msaada! Wingi wa noti hauelezi kitu mpaka ujue noti hizo zinanunua nini pale zinapotumika.

Ubishi huu si wa leo. Zamani ulikuwa wa Mombasa na Tanga. Wajerumani walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, miaka mitatu kabla ya Waingereza kuanza ya kwao Mombasa. Mkonge ukaifanya Tanga ing'ae, na Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo, mpaka kamba za nailoni zilipokuja na bei ikaanguka. Baadaye miji mikuu ikaingia katika siasa. Dar ikasema Kenya ni nchi ya mtu kumla mtu, Nairobi ikajibu kwamba kule kwao hata cha kula hakipo. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ikaufunga mpaka. Haukufunguliwa mpaka Novemba 1983.

Katika foleni yetu alikuwamo bibi mmoja wa Kidigo, kwao hapo hapo Lunga Lunga, akitoka msibani upande wa Mkinga. Wadigo wako pande zote mbili, na mpaka uliwakuta wamekwisha kuoana. Vijana walimwamkia, akawaitikia, kisha akawa anasikiliza huku akibadilisha laki mbili alizochangiwa na watoto wake wa Tanga, pesa za kwenda kutibiwa macho Mombasa. Zilipotoka elfu kumi kasoro, alizihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso.

"Asubuhi nilikuwa tajiri," akasema.

Kisha akawasimulia. Baba yake alikwenda Tanga kukata mkonge, akarudi na baiskeli, na kijiji kizima kikaja kuitazama. "Tanga ndiyo ilikuwa Ulaya yetu." Miaka ya mpaka kufungwa mambo yakageuka. Dada yake aliyeolewa upande wa pili alikuja usiku kwa njia ya vichakani kutafuta sabuni, maana kule ilikuwa haipatikani, na akishikwa nayo huitwa mhujumu. Leo yamegeuka tena, au tuseme yamechanganyika. Machungwa ya Muheza, vitunguu na mahindi yanakuja huku, nayo biskuti na mafuta ya kupikia yanakwenda kule. Mkwewe huuza mahindi. Machi 2021 Nairobi ilipopiga marufuku mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, kisha ikalegeza baada ya siku chache, yeye alikuwa tayari ameshakodi lori.

"Mkigombana nyinyi wakubwa wa mijini," akawaambia vijana, ambao hawana ukubwa wowote isipokuwa wa mabegi, "sisi huku ndio hulala njaa. Lakini niambieni, wajukuu zangu. Kibarua wa mjengo, akifanya kazi siku moja huko Nairobi, anarudi nyumbani na pakiti ngapi za unga? Na wa Dar je?"

Kimya. Wa Nairobi alikohoa. Wa Dar akasema kwao unga hununuliwa na shangazi. Mwenzake akakiri kwamba yeye hula kantini.

"Haya," akasema bibi. "Mtaniambia mkijua." Akabeba kikapu chake, akaaga, akaishika njia ya mkono wa kushoto, mkono mmoja ukiwa umelikamata lile pindo la leso.

Utingo akapiga mlango, tukapanda. Nilitarajia ubishi uendelee na maghorofa, lakini nilipoinama nikamwona wa Nairobi akimpigia simu mtu anayemwita Mjomba Fundi, akimwuliza vibarua wake hulipwa pesa ngapi. Wa Dar alikuwa akimwandikia shangazi kuhusu bei ya sembe. Majibu yalipokuja, wakafungua kikokotoo. Shangazi alikuwa ametaja bei ya kilo, na Mjomba Fundi alikuwa ametaja pakiti ya kilo mbili. Wakaanza upya. Tukapita Msambweni, wakiulizana kama kibarua wa Nairobi akatwe nauli ya matatu kwanza au la, na kama wa Dar hupewa chakula cha mchana kazini.

Ukunda nilipoteremka, walikuwa bado hawajaafikiana kuhusu nauli.