Mwanao akishuka korongoni kwa kamba, atatokea wapi?

Jumamosi moja ya Novemba, mzee jirani yetu, mvuvi wa siku nyingi hapa Bangwe, alibisha hodi saa tatu asubuhi akiulizia kamba yake ya mtumbwi. Nilimwamkia, akaitikia, lakini alikataa kukaa. Alisema kamba aliiacha kwenye uzio jioni, na asubuhi ile kuna mtoto kamwambia ameiona begani kwa kijana wangu. Nilicheka kwa aibu. Kijana wangu ana miaka 14, hajui kuvua, na mtumbwi anaupanda kwa kulazimishwa. Kamba ya nini?

Jibu tulilikuta korongoni. Mnaoijua Bangwe mnajua jinsi kilima kinavyokatika ghafla kuelekea ziwani, na jinsi maji ya mvua yalivyochimba vikorongo katikati ya mawe. Kwenye kimoja kuna mwamba uliosimama wima, mrefu kuliko nyumba yangu mara mbili. Kamba ya mzee ilikuwa imefungwa kwenye shina la mti, inaning'inia. Katikati ya mwamba, juu ya jiwe lenye upana wa mkeka, walisimama watoto watatu, wangu akiwemo, wanatutazama juu kama vifaranga. Kamba iliishia pale. Kushuka zaidi hawawezi, kupanda hawawezi. Viganja vya kijana wangu vilikuwa vimechubuka vyote viwili.

Mzee hakupiga kelele. Aliangalia milimani kwanza, ndipo akawaangalia watoto. Mawingu yalikuwa yamejaa huko juu, ingawa sisi bado tulikuwa juani. Akasema, "Mwanangu, tafuta ngazi, na usitembee, kimbia." Nilikimbia kwa fundi anayejenga jirani, wakaja na ngazi mbili za miti, wakaziunga. Wa mwisho kutoka alikuwa wangu. Hata saa moja haikupita, maji mekundu yalikuwa yanaporomoka juu ya lile jiwe la mkeka, yakibeba matawi na ndala ya mtu.

Sikumchapa. Kusema kweli sikuwa na nguvu.

Jioni nilimwomba anionyeshe alikojifunzia. Akanipa simu yangu mwenyewe (bando langu linakokwenda nikalijua siku hiyo). Ilikuwa video ya watu wanaoshuka kwa kamba ndani ya korongo la jangwani, jimbo la Utah, Marekani. Kuta za mawe mekundu, nyembamba kiasi cha kugusa pande zote mbili, juu kabisa mstari wa anga. Mtu anaegemea nyuma, miguu ukutani, anateleza chini anacheka. Ni jambo zuri kulitazama, siwezi kuwadanganya. Nilielewa kwa nini mtoto wa kiume mwenye korongo nyuma ya nyumba angelitamani.

Tulirudia kuitazama mara ya pili, safari hii tukiisimamisha kila mara, nikimwuliza anaona nini. Alianza kuviona vitu ambavyo mwanzo hakuviona. Yule mtu hashiki kamba kwa viganja vitupu. Amevaa mkanda unaozunguka kiuno na mapaja, na mbele yake kuna chuma ambacho kamba inapitishwa kwa kujikunja, na huko kujikunja ndiko kunakopunguza kasi. Uzito wote uko kwenye mkanda na chuma, mkono unaongoza tu. Kichwani ana kofia ngumu, kwa sababu makorongoni mawe huanguka yenyewe. Kamba ni ya kubeba watu, haivutiki sana, na hukaguliwa kabla ya kila safari. Kabla ya kuitupa hujulikana urefu wake na urefu wa mwamba, na mara nyingi ncha hufungwa fundo ili mtu asije akapitiliza hewani. Wangu alipima kwa macho.

Lakini lililonishtua zaidi lilikuwa jingine. Wenzetu hawa hupitisha kamba kwenye pete ya chuma juu ya mwamba, ikawa mistari miwili. Mtu wa mwisho akishafika chini, huvuta mstari mmoja, kamba yote inawafuata, wanaenda nayo kwenye mteremko unaofuata. Maana yake ni kwamba baada ya ule mvuto wa kwanza hakuna kurudi. Njia ya kutokea ni moja tu, mbele, hata ikitokea kuna jambo huko mbele. Video ilianza juu ikaishia chini, watu wanapongezana. Walivyotoka, saa ngapi, na nani nje alikuwa anajua wako wapi, hayo hayakuwemo.

Kijana wangu naye hakuwa amemwambia mtu. Nilimsimulia habari ya Aron Ralston, Mmarekani aliyeingia peke yake kwenye korongo la Bluejohn huko huko Utah, Aprili 2003. Jiwe kubwa lilihama likaubana mkono wake ukutani. Hakuwa amemwambia yeyote anakokwenda, hivyo hakuna aliyejua wapi pa kumtafuta. Alikaa pale siku tano, akaishia kuukata mkono wake mwenyewe kwa kisu, kisha akashuka kwa kamba mwamba wa mita kama 20 kwa mkono mmoja uliobaki, ndipo akakutana na watu. Kijana aliniuliza, "Mama, kama angemwambia mtu?" Nikamwambia hilo swali alijibu mwenyewe.

Sasa turudi kwenye yale mawingu, maana mzee aliangalia milimani kabla ya kuangalia watoto, na hapo ndipo sisi wazazi wengi hatupo. Tunadhani hatari ya kamba ni kuanguka. Ni kweli, kuanguka kunaua. Lakini ndani ya korongo kuna hatari nyingine inayokuja kutoka mahali usipopaona. Jangwani ardhi ni mwamba mtupu na majani ni machache, kwa hiyo mvua ikinyesha hainywewi, inateremka yote kwenye mfereji mmoja. Inaweza kunyesha mbali kabisa, wewe ulipo jua linawaka. Agosti 1997 watalii 11 walikufa hivyo kwenye korongo la Antelope, Arizona. Septemba 2015 watu saba walioshuka kwa kamba korongo la Keyhole, ndani ya hifadhi ya Zion, walifagiliwa wote. Hawakuwa watoto wala wajinga, walikuwa watu wazima wenye vifaa na kibali cha siku hiyo.

Na tusiseme hayo ni ya Marekani. Hapo Kenya, karibu na Naivasha, kuna Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate yenye korongo la Ol Njorowa. Nchi kavu, kuta ndefu zilizochongwa na maji, njia nyembamba. Baadhi ya sehemu watu walikuwa wakishuka wakishikilia kamba. Shule na makanisa hupeleka vijana huko kila mwaka, na hata sisi wa huku tunapokea picha zake kwenye simu. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwakuta vijana wa kanisa mle ndani, saba wakafa. Septemba 2019 yakarudi, watu saba wengine wakafa, mwongozaji wao akiwa miongoni mwao. Baada ya hapo korongo lilifungwa. Kila mara nikiisoma habari ile ya kwanza nawafikiria wazazi waliowafungia watoto wao chakula asubuhi ile, wakawaambia wawe na adabu safarini.

Mzazi asiyeamini nguvu ya maji achote ndoo ya lita 20, ailenge kilo 20 zake begani. Ndoo 50 za namna hiyo ni tani moja, na korongo likijaa huleta tani baada ya tani, pamoja na mawe. Maji ya kasi yanayofika magotini tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Mtoto aliyesimama kwenye jiwe la mkeka hana hoja mbele yake.

Vikorongo vyetu havina mwamba mwekundu wa Utah, ila tazama vilima vyetu vilivyobaki. Miti imepungua, mabati yameongezeka, vijia vimekuwa vigumu kama sakafu. Mvua zetu huanza Oktoba au Novemba zikaendelea hadi Mei, na mara nyingi hunyesha milimani kabla ya kufika kwetu. Kwa hiyo nyumbani tumeweka amri moja isiyo na mjadala: msimu wa mvua hakuna mtoto kuingia korongoni, hata kama jua linachoma, hata kufuata mpira. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji tumeiandika kwa chaki ndani ya mlango, na mdogo wao wa darasa la pili anaikariri.

Kiangazi ndicho kilicholeta ugomvi kati yangu na baba watoto. Yeye alitaka kamba zote zipigwe marufuku milele. Mimi nikasema tukikataza kabisa atakwenda tena, ila safari hii atakwenda mbali zaidi na hatatuambia. Mtoto anayeshuka mwamba anatafuta kujua kama ataweza, na hilo si dhambi. Nimemwambia kushuka mwamba wowote kwa kamba ni marufuku mpaka siku atakapopata mtu aliyefunzwa na vifaa vya kweli. Kwa sasa atajifunza yanayotangulia kushuka. Baba yake hajakubali wala hajakataa. Ameguna tu.

Kamba ya mzee tulitaka kumlipa, akakataa. Siku iliyofuata alikuja nayo, akaikata kipande kwa kisu, akampa kijana wangu afumue nyuzi kwa vidole vyake vilivyofungwa bandeji. Nje kamba ilionekana nzima. Nyuzi zilizochomwa na jua zilikatika mkononi kama majani makavu. "Hii huwa nafungia mtumbwi ukiwa umetulia," mzee alisema. "Mwenyewe siwezi kuninginia."

Kijana alinyamaza muda mrefu. Siku hizi, Jumamosi asubuhi, anakwenda kwa mzee kujifunza mafundo. Wameanza na lile la kufungia mtumbwi, na mzee anamfungulisha kila mara akilikosea.