Pikipiki, Watoto na Milima ya Usambara

Kila likizo za skuli zinapokaribia, mabarazani kwetu huzuka mazungumzo ya safari. Zamani yalikuwa mazungumzo ya kwenda shamba kwa bibi, au ya kuvuka Pemba kuwatazama ndugu. Siku hizi tunasikia jambo jipya. Baba, mama, watoto wawili watatu na ami mmoja asiyekosekana katika kila shughuli wanakusudia kupakia pikipiki zao, kuvuka Bara, na kuzunguka kwa siku tano sita katika njia za vumbi na mawe za milima ya Usambara. Wapo waliokwisha kwenda na kurejea, na picha zao zimewatia wenzao hamu.

Sisi hatuoni ubaya katika jambo hilo. Mtoto wa kisiwani aliyezoea kuona bahari kila upande anastahili siku moja asimame Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto, aitazame nyika iliyolala mamia ya meta chini ya miguu yake, apate kujua kwa macho na si kwa kitabu tu kwamba nchi yake ni pana. Tena ni heri familia ikasafiri pamoja kuliko baba kwenda kustarehe na rafiki zake na kuwaacha wengine nyumbani. Tunaloliogopa ni jingine kabisa. Tunaogopa kwamba desturi zetu za kuendesha hapa kisiwani zitapandishwa mlimani kama zilivyo.

Desturi hizo tunazijua sote. Asubuhi yoyote ya skuli simama kando ya barabara utazame: mtoto mmoja kasimama mbele ya vespa, wa pili yuko nyuma ya baba, wa tatu kabanwa kati ya baba na mama, na kofia ngumu, ikiwapo, imetundikwa kwenye usukani. Mshikaki huu tumeuzoea hata hautushtui. Ardhi yetu imetusamehe mengi kwa kuwa ni tambarare. Kilima cha Masingini, ambacho kwa watu wa Unguja ndicho mlima, hakifiki meta 150. Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto humchukua mtu kutoka chini ya meta 500 hadi kiasi cha meta 1,400, katika mwendo wa kilometa 30 na kitu, ukuta wa mawe upande mmoja na bonde upande wa pili. Hiyo ndiyo barabara ya lami, iliyo nzuri. Safari wanayoitaka ndugu zetu huanza pale lami inapokwisha.

Sisi wenyewe tulipopanda kwa mara ya kwanza tulipata funzo kwa aibu. Tulikuwa watu wazima wanne na watoto watatu, pikipiki nne, na ramani iliyotuhadaa. Tuliona kwamba kutoka Lushoto hadi Mtae, kule mwisho wa safu ya milima, ni kilometa zaidi kidogo ya 50. Tukasema, kwa hesabu ya barabara ya kwetu, ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Ilipofika saa kumi alasiri tulikuwa bado njiani tukienda. Ukungu ukashuka. Mtoto wa miaka tisa akawa hawezi tena kushika mshipi wa baba yake kwa ganzi ya vidole, kwani tulimvika shati la mikono mifupi kana kwamba tunakwenda Forodhani. Mzee mmoja mkulima alituona tumesimama, akatukaribisha nyumbani kwake, mkewe akatupa chai na mablanketi, na tukalala hapo bila ya kuulizwa hata tumetoka wapi mpaka tuliposhiba.

Asubuhi mzee huyo alitupeleka shambani kwake. Alitaka kutuonyesha kitu, si kutulaumu. Palikuwa na mfereji wenye kina cha goti la mtu mzima, umekata matuta yake matano kutoka juu hadi chini. Alitueleza kwamba wakati wa masika waendesha pikipiki fulani waliacha njia kwa kuwa ilikuwa na tope, wakapita shambani mwake wakiteremka. Magurudumu yalichora mstari mmoja tu, na mvua zilizofuata zikaupata mstari huo na kuufanya mto wao. Maharage ya msimu ule yalikwenda bondeni pamoja na udongo.

Tumelikumbuka sana shamba lile. Watu wa Usambara wana historia ndefu na udongo wao. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha huko Mlalo mpango wa kuzuia mmomonyoko, ikawalazimisha wakulima kuchimba matuta kwa amri na kwa adhabu. Wananchi wakaupinga, chama cha TANU kikasimama upande wao, na katika miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Lakini yaliyokataliwa yalikuwa shuruti na dharau; udongo wenyewe uliendelea kuwa hazina yao, na tangu mwanzo wa miaka ya 1980 kazi ya kupanda miti na majani ya kushika matuta ilifanywa upya, safari hii kwa kushirikiana na wenyeji. Kwa hiyo mgeni anayeteremka na pikipiki katika tuta la Mshambaa hakanyagi nyasi. Anakanyaga jasho la vizazi.

Na hapa tuseme wazi, kwani sisi watu wa visiwa hatuwezi kudai kwamba hatujui adha hii. Je, hatulalamiki kila siku juu ya wageni wanaopita vijijini mwetu upande wa pwani na pikipiki za magurudumu manne, wakitimua vumbi juu ya nguo zilizoanikwa na mwani uliotandazwa? Mashehe wetu hulalamika, kina mama hulalamika, na wana haki. Itakuwa aibu basi kuvuka bahari na kwenda kumfanyia Mshambaa kile kile tunachokikataa nyumbani, eti kwa sababu safari hii wageni ni sisi.

Tukirudi kwenye matayarisho, la kwanza ni wakati. Masika, yaani Machi hadi Mei, yasifikiriwe kabisa. Likizo ya Disemba inawavuta wengi, lakini mvua za vuli mara nyingi huwa hazijakatika milimani, na siku moja ya mvua yatosha kuifanya njia ya udongo mwekundu kuwa kama sabuni. Likizo ya katikati ya mwaka ni bora kwa ukavu wake, ila ni majira ya baridi kali. Usiku hushuka hata chini ya digrii 10. Anayechagua Juni au Julai na achukue masweta, soksi, glavu na makoti ya mvua kwa kila mtu, mdogo kabla ya mkubwa. Mtoto aliyepakiwa nyuma hafanyi kazi yoyote ya kumpasha moto. Yeye hukaa tu akipigwa na upepo, na baridi humwingia kabla haijamgusa dereva.

La pili ni chombo. Wengi hawajui kwamba injini hupungukiwa na nguvu kadiri inavyopanda, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Kwa kila meta 1,000 hupotea kiasi cha sehemu moja katika kumi. Pikipiki ndogo iliyokuwa ikimvuta baba na mtoto bila tabu mjini itakapofika meta 2,000 juu ya Lushoto itakuwa imepoteza kiasi cha sehemu moja katika tano, na kama ni ya kabureta itaanza kutoa moshi mweusi na kukohoa, kwani petroli ni ile ile na hewa imepungua. Si ugonjwa, wala fundi wa njiani asipewe nafasi ya kuifungua injini nzima. Dawa ni gia ndogo, mzigo mwepesi na subira. Katika kuteremka ndiko kwenye hatari zaidi. Anayezima injini ili aokoe mafuta, kama tunavyoona baadhi ya vijana wakifanya, huikabidhi roho yake kwa breki peke yake, na breki iliyopata moto baada ya kilometa kadhaa haishiki. Gia uliyopandia ndiyo uteremkie.

Yakaguliwe kabla ya kuvuka: tairi na meno yake, spoku, cheni, waya za klachi na breki, plagi ya akiba, tyubu, viraka, pampu na spana zinazoingia katika nati za chombo hicho hasa. Mafuta yajazwe Mombo, yajazwe tena Lushoto. Mbele ya hapo petroli huuzwa kwa chupa kando ya njia, na mwenye hekima huichuja kwa kitambaa.

La tatu, nalo kwetu ndilo kubwa, ni mpango wa watoto. Mtoto mmoja kwa pikipiki moja, nyuma ya mtu mzima mwenye leseni, na miguu yake iwe inafika kwenye vikanyagio. Asiyefika hajafikia umri wa safari hii, naye ataipata mwaka mwingine, Mungu akimjaalia. Kofia ngumu iwe ya kichwa chake. Kofia ya baba juu ya kichwa cha mtoto wa miaka minane huzunguka kama sufuria, na katika ajali hutoka kabla ya kichwa hakijagusa chini. Baadhi ya wazazi wametuuliza kama watoto wakubwa waweza kuendesha wenyewe huko milimani, wakidai kwamba hakuna polisi. Jawabu letu ni kwamba njia ya kijiji ni njia ya umma hata isipokuwa na lami. Wanapita humo wanafunzi, akina mama wenye mizigo ya kabichi kichwani, mbuzi na magari. Asiye na leseni hana ruhusa, awepo polisi au asiwepo.

Mwendo wa msafara uwe ni wa aliye dhaifu kuliko wote. Kila afikaye njia panda amngoje aliye nyuma yake mpaka amwone kwa macho, na hapo hakuna atakayepotea. Kwa siku, kilometa 40 ni nyingi za kutosha. Adhuhuri ikute watu wamekwisha fika nusu ya safari, na alasiri iwakute karibu na kitanda. Simu isitegemewe sana mabondeni. Ni vyema zaidi kumwachia mwenye nyumba ya wageni habari ya njia mnayoifuata, na kupita kwa mtendaji wa kijiji mnakokwenda kulala. Ambaye hakufanya hivyo ataokolewa na ukarimu wa wakulima, kama tulivyookolewa sisi, lakini si haki kuufanya ukarimu wa watu kuwa sehemu ya ratiba.

Misitu nayo ina wenyewe. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mtu haingii bila ya kibali na malipo. Kuna mbega humo, na katika milima hiyo ndimo lilimoota kiasili lile ua dogo la zambarau linalofugwa madirishani katika nchi za Ulaya. Pikipiki na ziachwe langoni, watoto waingie kwa miguu pamoja na mwongozaji. Watachoka kidogo, na watasikia mengi ambayo mngurumo wa injini huyafukuza.

Sasa tunawageukia wakubwa wetu wa pande zote mbili. Suala la usajili wa vyombo vya moto limewahi kuwamo miongoni mwa hoja za Muungano, na limezungumzwa katika ngazi za juu. Mwananchi wa kawaida, hata hivyo, anapofika bandarini na pikipiki yenye namba za Zanzibar bado hujibiwa na kila dirisha kwa namna yake. Tunaomba utaratibu wa mpitaji wa muda, yaani karatasi gani, ada gani na siku ngapi, ubandikwe ukutani kwa Kiswahili katika bandari za Malindi, Mkoani, Tanga na Dar es Salaam, ili familia isipoteze siku ya kwanza ya likizo ikizunguka baina ya ofisi. Ndugu zetu wa Pemba, ambao Tanga iko karibu nao kuliko wengine, ndio watakaofaidika kwanza.

Kwa viongozi wa Lushoto ombi letu ni moja: watuambie ni njia zipi zinazofaa kupitwa na pikipiki na zipi ni za miguu tu, na waweke vibao. Kama vijiji vitaona inafaa kutoza ada ndogo ya kutengeneza njia baada ya masika, basi itozwe kwa risiti, nasi tutakuwa wa mwanzo kuilipa. Likizo ya katikati ya mwaka haiko mbali, na mzee yule tuliyelala kwake ameshaanza, kwa habari tulizopata, kuujaza mawe mfereji wake kwa mkono.